Uzio Unaosahau

Bi. Mwasiti hakuwa na ukuta. Hakuwa na ua wa miiba wala wa minyaa, hakuwa na geti, hakuwa na hata kamba ya kufungia mbwa, kwa sababu sheria ya ushoroba, ile njia ya wanyamapori, ilikataza kitu chochote kinachoweza kumzuia tembo kupita. Hakuwa na mtoto wa karibu. Wawili aliojaliwa walikuwa mmoja Mwanza, mwingine Maskati. Hakuwa na hina mkononi, wala manukato, wala kitenge cha rangi, maana alikuwa eda. Na tangu mwisho wa mavuno hakuwa na mume.

Alichokuwa nacho ni mbuzi, dirisha lenye pazia jepesi, na mbwa aliyeitwa Doria. Na siku hizi Doria alikuwa akifanya jambo ambalo Bi. Mwasiti hakulielewa.

Kwa kawaida mbwa huyo alilala chini kabisa ya kiwanja, kando ya banda la mbuzi, karibu na mbaazi. Ndiyo kazi iliyomfanya afugwe. Lakini baada ya msiba akaanza kulala katikati ya shamba, chini ya mgunga. Kisha akahamia nyuma ya jiko. Asubuhi ya siku hii alikuwa amejikunja mbele ya baraza, masikio yamelala, akitazama banda kwa mbali kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

"Wifi," Bi. Mwasiti aliita kutoka ndani, "chukua gunzi la mahindi, mwite Doria mwende naye kuelekea bandani. Pale atakapogeuka, liweke."

Zuena, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Haubi kumkalisha eda. Alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mimi nimekuja kukaa na mjane, sikuja kumpimia mbwa kiwanja."

"Nenda tu, mwaya. Kuna kitu nataka kukiona."

Zuena alikwenda huku akinung'unika. Mbwa alimfuata kwa furaha, mkia juu, na ghafla akasimama pasipo na kitu. Akatikisa kichwa kama aliyeingiwa na siafu sikioni, akarudi mbio. Zuena aliweka gunzi. Juma lililopita alikuwa ameweka jingine, mbele zaidi, na juma la kabla yake jingine, mbele zaidi ya hapo. Kutoka dirishani Bi. Mwasiti aliyaona yote, yakiwa yamejipanga kuelekea nyumbani.

"Unaona?" alisema. "Uzio unakuja."

*

Katika vijiji vya ushoroba kila nyumba ilikuwa na nguzo moja ya chuma, yenye urefu wa mtu mzima, iliyosimikwa uani. Nguzo hiyo ilitoa mawimbi ya redio ambayo hayaonekani wala hayashikiki, na tembo aliyapita bila habari. Mbwa ndiye aliyeyasikia, kupitia mkanda wa shingoni. Mkanda haukumpiga shoti, kama ilivyofanya mikanda ya zamani. Ulitetemesha mfupa ulio nyuma ya sikio, na mbwa akasikia mvumo. Kadiri alivyokaribia mpaka ndivyo mvumo ulivyozidi, hadi ukawa kero isiyovumilika. Akirudi ndani, kimya. Mbwa hujifunza haraka kwamba nyumbani ni mahali palipo kimya.

Na ilikuwa lazima ajifunze. Miaka ya nyuma magonjwa ya mbwa wa vijijini yaliingia ushorobani, yakaua mbwa mwitu na simba wengi mno. Tangu hapo mbwa aliyekutwa nje ya mpaka wake hakukamatwa wala mwenyewe hakutozwa faini. Alipigwa risasi. Askari hawakuuliza ni wa nani.

Fundi wa nguzo alikuwa kijana wa Singida aitwaye Ntandu, mrefu, mwenye mkoba wa vifaa na tabia ya kuvua kofia mbele ya kila mlango. Alifika, akapiga hodi, na Zuena akamwonyesha kigoda mbali na dirisha.

"Kaa hapo hapo. Mwenye nyumba yuko eda, utazungumza na pazia."

"Nafahamu, mama." Akaligeukia pazia. "Shikamoo. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa," pazia likajibu. "Hebu niambie, nguzo yangu imeharibika?"

Ntandu alikuwa ameichomekea waya na kusoma kioo chake kwa muda. Akakuna kidevu.

"Haijaharibika. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Nguzo hizi mpya haziwekewi mpaka na mtu, mama. Zinajifunza. Chini ya ardhi kuna vidude vinavyosikia hatua za wenye nyumba. Kila mtu ana mwendo wake, kama alivyo na sauti yake. Panapokanyagwa mara kwa mara, nguzo inasema hapa ni nyumbani. Pasipokanyagwa wiki nyingi, inasema hapa wamehama, au wameuza. Kila Ijumaa inachora mpaka upya."

"Na mimi nimekaa ndani."

"Ndiyo, mama. Waliounda hawakufikiria eda."

"Kwani huko kwao watu hawafi?" Zuena aliuliza.

"Wanakufa. Ila wakishazika wanarudi kazini."

Sauti ya Bi. Mwasiti nyuma ya pazia ilikuwa ya mtu anayehesabu jambo kichwani.

"Kule bandani nilikuwa sifiki mara nyingi. Aliyekuwa akifika kila siku ni marehemu, Mzee Kambi. Kwa hiyo kule kulikuwa nyumbani kwa ajili ya miguu yake."

"Ndivyo."

"Na sasa nguzo inamsahau."

Ntandu aliigeuzageuza kofia yake. "Kidogo kidogo, mama. Kila Ijumaa."

"Itaishia wapi?"

"Unapokanyaga wewe. Chumbani, ukumbini, msalani."

Zuena aliruka kutoka mkekani alipokuwa ameketi. "Chumbani? Mbwa? Kwenye mswala? Laa, laa, laa! Malaika wa rehema hawaingii humo, halafu sisi tumkaribishe kwa mtambo!"

"Hataingia," Bi. Mwasiti alisema. "Amefundishwa tangu mdogo asivuke kizingiti. Ndilo tatizo lenyewe. Ndani tumemkataza, nje atapigiwa kelele. Atasimama wapi?"

Doria, aliyekuwa akizungumziwa, alijilaza karibu na kigoda na kuweka kidevu juu ya kiatu cha fundi.

"Atachanganyikiwa," Ntandu alisema mwishowe. "Mwingine huvumilia. Mwingine hukata shauri akakimbia, akapita mvumo wote kwa kasi. Mwaka huu wamepigwa risasi mbwa kadhaa waliotoka nyumba za msiba. Nilidhani ni bahati mbaya. Leo ndiyo naona."

"Basi nguzo ihesabu miguu ya wifi yangu," Bi. Mwasiti alisema. "Yupo hapa kila siku."

"Miguu yake imeandikishwa kwenye nguzo ya kwake Haubi. Mfumo haukubali mtu awe na nyumba mbili."

"Basi wanaume wa wake wawili wana kazi," Zuena alisema.

"Hao ndio wateja wangu wakubwa, mama."

Pazia likacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kwanza tangu mavuno, na Zuena akageuka kulitazama.

Ntandu alipata moyo. "Kuna njia moja," alisema. "Sijawahi kuijaribu. Nguzo imesahau mpaka, lakini haitupi kumbukumbu. Hatua za Mzee zote zimo humu, tangu siku nilipoisimika."

"Zimo vipi?"

Hapa fundi alieleza jambo ambalo kila mtu anaweza kulithibitisha akiwa na redio kuukuu. Spika ya redio hupokea umeme, ikatikisika, tukasikia sauti. Lakini ukiipigia kelele spika hiyo hiyo, nayo hutikisika, ikatoa umeme kidogo upande wa pili kama kipaza sauti. Kinachosema kinaweza kusikia, na kinachosikia kinaweza kusema. Vidude vya ardhini vilisikia hatua za Mzee Kambi kwa miaka. Vikipelekewa umeme kwa mpangilio ule ule, vitazirudisha ardhini jinsi zilivyokuwa. Nguzo itazisikia, nayo itaamini.

"Ataonekana?" Bi. Mwasiti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haonekani kitu. Ni mtikisiko tu."

"Wifi, mwambie aende zake," Zuena alisema.

Lakini Bi. Mwasiti alikuwa amekwisha kusogeza pazia upana wa kidole. "Jaribu," alisema. "Nataka kuona inakuwaje."

*

Zilianza asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, saa ile ile aliyokuwa akitoka Mzee. Bi. Mwasiti alikuwa bado ameketi juu ya mswala, na alizipata kwa nyayo kabla ya masikio. Dhu. Dhu. Hatua ya kulia fupi kuliko ya kushoto, kwa sababu ya goti lililoumia ujanani. Zilipita chini ya dirisha. Zilifika kwenye mgunga zikasimama, maana pale ndipo alipozoea kukohoa. Na kimya cha mahali pa kile kikohozi kilikuwa kirefu sana. Kisha zikaendelea kuteremka.

Doria alisimama wima mbele ya baraza. Hakubweka. Alitoa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuitoa, akaruka, akaziandama hatua. Kwenye gunzi la kwanza alipunguza mwendo, akingoja mvumo. Lakini siku ile ilikuwa Ijumaa, nguzo ilikuwa imekwisha kuamini na kuchora upya, na mvumo haukuja. Akapita la pili, akapita la tatu, akafika bandani.

Kwa upande wa ufundi, jaribio lilifaulu kabisa. Ijumaa ile mpaka ulirudi ulipokuwa. Fisi aliyekuwa ameanza kuzungukazunguka alikutana na Doria bandani, akaondoka kwa haraka. Mbuzi walilala salama.

Bi. Mwasiti aliendelea kutazama, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama. Aliona kwamba Doria hakutembea nyuma ya hatua wala mbele yake, bali kando, bega limeegemea upande kama lililogusana na mguu. Aliona kwamba zikifika bandani na kukoma, mbwa huzunguka banda, akanusa, akazunguka tena, akarudi kwenye njia na kukaa akitazama juu, kimo cha uso wa mtu. Alikaa hivyo mpaka jua kali. Chakula alikionja tu. Mbwa alikuwa salama, na alikuwa akikonda.

Kuna jambo jingine ambalo Bi. Mwasiti hakuliona, kwa sababu lilimhusu yeye. Zuena ndiye aliyeliona, alipokuta birika barazani asubuhi moja, linatoa mvuke.

"Maji ya nani haya?"

"Ya nani? Ya kutawadhia."

"Wewe umetawadha kitambo, na nimekuona ukisali. Haya ni ya nani?"

Bi. Mwasiti alilitazama birika. Alikuwa ameyachemsha na kuyapooza kiasi, kama alivyopenda Mzee kwa sababu ya goti lake, na kuyaweka upande wa kulia wa mlango. Hakukumbuka kuyaweka.

Zuena aliketi chini taratibu. Ukali wote ulimtoka.

"Wifi, mimi ni dada yake. Tumenyonya ziwa moja. Nililia mpaka sauti ikakauka. Sasa kila alfajiri nalala macho, namsikia kaka yangu anapita na asiseme hata neno. Kama anatembea, basi wewe unakaa eda ya nani? Na mimi nilimlilia nani?"

*

Ntandu alirudi akiwa na furaha iliyomshinda kuificha. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mamlaka ya Ushoroba wameona mpaka umerudi, mama. Nilidhani watanifukuza kazi. Wamefurahi! Wanataka jambo hili liwekwe kwenye nguzo zote. Mtu akifariki, hatua zake ziendelee kila asubuhi, mpaka usipungue, mbwa asife. Kilichobaki ni ridhaa yako, kwa kuwa Mzee Kambi ndiye wa kwanza."

"Nikikataa?"

Fundi hakutaka kumdanganya. "Basi watarudi kwenye mpango wa zamani. Na mbwa wa nyumba za msiba wataendelea kupigwa risasi."

Hapo ndipo Bi. Mwasiti alipobanwa. Kama lingekuwa suala la nyumba yake pekee, angejua la kufanya. Lakini aliwafikiria wajane wengine asiowajua, kila mmoja na dirisha lake, kila mmoja na mbwa wake uani. Ni haki gani aliyo nayo ya kuwanyima kitu kinachofanya kazi? Kisha akawafikiria wajane hao hao na mabirika yao.

"Zima kwanza," alisema. "Halafu unijibu swali. Kwenye karatasi zenu, nyumba yangu inaishia wapi?"

"Kwenye korongo, mama. Baada ya mbaazi."

"Banda limo?"

"Limo."

"Basi nikitembea mpaka bandani sijatoka nyumbani kwangu."

Zuena aliinua kichwa. "Watu watasema."

"Watasema nini? Ni mchana, nina haja, nimejistiri, na sivuki mpaka. Wewe mwenyewe ulikuwepo tulipoambiwa kwamba mjane mwenye haja atatoka mchana na kurudi kwake. Wala hayo yote sikuyahitaji. Ni shamba langu."

"Kwa nini basi umejifungia ndani muda wote huu?"

"Kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia kaka yako. Nilitaka kisiwe na doa hata dogo."

Zuena alitazama chini, kisha akatafuta ndala zake. "Huendi peke yako," alisema. "Na wewe fundi, tazama kule."

Ntandu aliwapa mgongo, akalitazama korongo kwa utiifu mkubwa.

Walitembea wawili, mmoja amefunikwa kwa shuka nyeupe, mwingine akimshika mkono. Siku za mwanzo Doria hakuwafuata. Hatua za ardhini zilikuwa zimezimwa, Ijumaa ya kwanza nguzo ikaanza kusahau tena, na mvumo ukarudi mpaka kwenye mgunga. Alisimama pale pale, akiwabwekea kwa wasiwasi, kama anayewaonya wasipite moto. Bi. Mwasiti alikwenda bila kugeuka, kila siku, mpaka magoti yakauma. Ijumaa ya pili ilipofika nguzo ilichora upya. Jumamosi mbwa alifika kwenye mgunga, akasikiliza, akaweka mguu mmoja mbele. Kisha mwingine. Kisha akawapita wote wawili kwa mbio, akawatimulia vumbi.

Lakini mpaka haukuwa ule wa zamani. Bi. Mwasiti hakutembea kama mumewe. Alipita kisimani, ambako Mzee hakuwa na kazi, na kwa hiyo kisima kikawa nyumbani. Jiwe kubwa la upande wa juu, ambapo Mzee alizoea kukaa jioni na redio yake, likabaki nje. Doria alilifikia mara moja, akatikisa kichwa, akarudi.

"Ungefika na pale," Zuena alisema.

"Pale palikuwa pake. Mimi sikuwahi kukaa pale."

*

Majibu yanayohusu marehemu, Mamlaka iliyapokea kwa njia moja tu: karatasi, wino na bahasha. Sauti ya mtu iliweza kuigwa siku hizi, na sura yake, na sasa hata miguu yake. Mwandiko wa mkono ulikuwa bado unaaminiwa kidogo.

Bi. Mwasiti aliandika kwa siku nzima, akifuta na kuanza upya. Jioni, Ntandu akiwa amekaa kwenye kigoda akingoja, alimsomea wifi yake.

"'Kwa Mamlaka ya Ushoroba. Nimeona faida ya jambo mnalotaka kulifanya, na sitasema halifanyi kazi. Linafanya kazi mno. Mbwa wangu alikuwa salama na hakuwa na raha, nami nilianza kuchemsha maji ya mtu aliyezikwa. Kwa hiyo siridhii.

"'Lakini msiwaache mbwa wa watu wafe. Nguzo yenu inajua kusikiliza, ifundisheni kungoja. Ikiacha kusikia hatua za mwenye nyumba, kabla haijasema amehama, fundi aje aulize. Akiambiwa kuna msiba, nguzo isihesabu. Mpaka ubaki ulipokuwa mpaka mwenye eda amalize eda yake, atoke, atembee atakavyotembea yeye.'"

"Yaani nguzo nayo ikae eda!" Zuena alisema.

"Kwa nini isikae? Nayo imefiwa."

Ntandu alicheka, kisha akaacha kucheka, akatoa kalamu mfukoni na kuandika kitu kwenye kiganja chake.

"Endelea," Zuena alisema.

"'Mwisho, naomba hatua za mume wangu, Kambi Mkole, zifutwe kwenye kumbukumbu zenu zote, asije mtu mwingine akazitembeza. Ni mimi, Mwasiti, mkewe.'"

Zuena alichukua ncha ya mtandio wake akaizungusha kwenye kidole.

"Zote?" aliuliza baadaye.

"Zote."

"Zikifutwa hazirudi."

"Hazirudi. Wewe ndiye uliyesema anapita na haseme neno, wifi."

"Nilisema. Nilikuwa na uchungu." Sauti yake ilipungua. "Jana nimeamka saa ile, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikalia kama siku ya kwanza."

Bi. Mwasiti aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Alichota uji mzito wa mtama kwa kidole, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe. Kisha hakuifunga. Aliisogeza kwenye mkeka, mbele ya Zuena, mdomo wazi.

"Ni kaka yako kabla hajawa mume wangu," alisema. "Uji bado haujakauka. Ukitaka mstari ule utoke, nitautoa, na sitakulaumu."

Nje Doria alibweka mara moja kule bandani, akanyamaza. Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Zuena aliishika bahasha kwa mikono miwili. Alikaa nayo muda mrefu, akiuangalia mwandiko. Kisha akakunja mfuniko wake, akaukandamiza kwa kidole gumba, polepole, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, akarudia tena pale ulipokuwa umeinuka. Akanyanyuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatoka nayo uani.

"Haya, fundi," alisema, akimkabidhi. "Ipeleke leo leo, kabla sijabadilisha mawazo."